Mkia wa mbayuwayu katika mtoto wa meza

Mwalimu aliye na meza ya zamani katika afisi yake anaweza kufanya jaribio dogo leo hii. Amvute mtoto wa meza mpaka atoke nje kabisa, amgeuze ubavu, kisha aitazame pembe ambapo ubao wa mbele umekutana na ubao wa kando. Ikiwa meza hiyo ni kazi ya mkono wa fundi hodari, ataona vipande vya mbao mbili vimeingiliana na kubanana kama meno ya taya mbili zilizofumbwa. Kila kipande cha ubao wa kando ni kipana kwenye ncha na chembamba kwenye shina. Msumari hamna. Avute atakavyo, mbao hizo hazitaachana, kwa sababu kilicho kipana hakiwezi kupita penye wembamba.

Kiungo hicho ndicho ninachotaka kukizungumzia katika makala haya. Wasomaji wanaonijua kama mwalimu wa isimu huenda wakauliza: mtu wa fonimu na mofimu ana shughuli gani na patasi na randa? Shughuli ninayo. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu mchoro wa kiungo hiki na kuwataka wanitajie jina lake kwa Kiswahili. Darasa hunyamaza. Wale waliosoma useremala katika shule ya upili hukitaja upesi kwa Kiingereza, na baadhi yao wanaweza kukichora bila kutazama kitabu. Lakini lugha watakayoitumia kesho kuzungumza na fundi katika karakana ya jua kali si Kiingereza, na katika lugha hiyo hawana cha kusema ila “ile kitu ya kuingiliana.”

Siwalaumu. Somo la useremala katika shule zetu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali somo la Kiswahili, likifika kwenye karakana, huishia katika orodha ile ile ya vifaa: nyundo, msumeno, randa, patasi, keekee. Mwanafunzi hujua jina la kifaa kinachokata, wala hajui jina la kitu kilichokatwa.

Kwanza tuelewe kazi ya kiungo chenyewe. Ubao huendelea kusogea hata baada ya mti kukatwa na kukauka. Wakati wa masika hunywa unyevu na kutanuka, wakati wa kiangazi hunywea. Mabadiliko hayo hutokea zaidi katika upana, kuvuka nyuzi za mti, na ni madogo mno katika urefu. Fundi akiunga pembe kwa misumari, mbao husogea lakini misumari haisogei. Miaka michache ikipita, matundu hupanuka, misumari hushika kutu, na pembe huanza kucheza. Katika kiungo tunachokizungumzia, nyuzi za mbao zote nne hulizunguka sanduku kwa mkondo mmoja, na kwa hiyo mbao hutanuka pamoja na kunywea pamoja. Gundi hupakwa, lakini gundi ni msaidizi tu. Hata ikifa, kama inavyokufa kwa unyevu ile gundi ya kale iliyopikwa kwa ngozi na mifupa, umbo lenyewe huendelea kushika.

Mwinamo wa vipande hivyo nao una kanuni yake. Kwa mbao laini, mafundi wengi huinamisha kipimo kimoja kwa kila vipimo sita vya urefu. Kwa mbao ngumu, kimoja kwa vinane. Mwinamo ukizidi, pembe za kipande huwa nyembamba na kukatika kwa kufuata nyuzi. Ukipungua, kiungo huchomoka. Isitoshe, fundi lazima afikirie mkono wa mtumiaji. Mtoto wa meza huvutwa kutoka mbele kila siku, na ndiyo maana vile vipande vipana kwenye ncha hukatwa katika ubao wa kando, ili mvuto wa mkono uelekee upande ule ule ambao kiungo hakikubali kuachia. Mwanafunzi wa fizikia aliyechoshwa na michoro ya kani ubaoni angeweza kujifunza mengi kwa kumvuta mtoto wa meza na kumrudisha.

(Wanafunzi wangu hubishana kama mtoto wa meza “amekwama” au “umekwama.” Mimi humpa upatanisho wa wenye uhai. Maadamu tumekubali kwamba meza imezaa, mtoto na apewe haki yake ya kisarufi.)

Sasa tuje kwenye majina. Waingereza husema kwamba umbo hilo ni mkia wa njiwa. Wengi wetu, kwa kuwa Kiingereza ndicho dirisha tuliloonyeshwa ulimwengu, tungedhani kwamba umbo lenyewe linadai jina hilo na kwamba Kiswahili hakina budi kulitafsiri. Lakini vuka mkono mwembamba wa bahari unaoitenga Uingereza na bara la Ulaya, na njiwa anatoweka. Wajerumani, Waholanzi, Waitaliano na Warusi wote huona mkia wa mbayuwayu, ndege yule wa mkia wenye panda. Wahispania huona mkia wa mwewe. Wajapani hawaoni mkia hata kidogo: wao hukiita ari, yaani chungu, yule mdudu, kwa kuwa umbo hilo huwakumbusha kichwa chake. Naye Vitruvius, Mrumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo aliyeandika vitabu kumi kuhusu ujenzi, hakuona kiumbe chochote. Aliona shoka dogo, securicla, na kwa kweli blade la shoka lililo pana kwenye makali na jembamba kwenye mpini ni umbo lile lile.

Kinachonivutia zaidi ni jina la Wafaransa, queue d'aronde. Queue ni mkia. Aronde ni neno la kale la mbayuwayu. Nasema la kale kwa sababu Mfaransa wa leo akimwona ndege huyo angani husema hirondelle. Aronde limetoka midomoni mwa watu, limetoka katika mazungumzo ya kawaida, wala mtoto wa shule hatalitumia katika insha yake. Lakini ingia katika karakana ya seremala na utalikuta lingali hai, limebanwa ndani ya jina la kiungo. Wataalamu wa historia ya lugha wanajua kwamba maneno ya kale hujificha katika methali, katika sala na katika nyimbo za watoto. Mara chache hukumbuka kuutazama ubao.

Kiungo chenyewe ni cha kale kuliko lugha zote hizo kama tunavyozijua leo. Mafundi wa Misri ya Kale walikitumia katika masanduku na samani zao, na miongoni mwa vitu vilivyotolewa katika kaburi la mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka wa 1922, kazi ya aina hiyo imo. Mfalme huyo alifariki zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Wajenzi wa mahekalu nao walichonga vifungo vya umbo hilo hilo, vipana pande mbili na vyembamba katikati, wakavilaza kati ya mawe makubwa ili mawe yasiachane.

Kwa sababu kila fundi alikikata kwa mkono wake, kiungo hiki kimekuwa kwa wataalamu wa samani za kale kama mwandiko ulivyo kwa msomaji wa hati. Tuchukue samani za Uingereza, ambazo zimechunguzwa sana. Katika kazi za karne ya 17 mikia ni michache na minene, pengine miwili au mitatu tu katika pembe, na mara nyingine fundi ameiongezea misumari kana kwamba haiamini. Katika kazi bora za karne ya 18 mikia huongezeka, na nafasi kati ya mkia na mkia huwa nyembamba kiasi kwamba upande mmoja haizidi sana upana wa njia ya msumeno. Mtazamaji makini ataona pia mstari mwembamba uliokwaruzwa kwenye ubao, penye shina la mikia. Huo ni mstari wa kipimo, uliochorwa kabla ya kukata, na mafundi wengi hawakujisumbua kuufuta. Ataona mikia isiyolingana, huyu mpana kidogo, yule mwembamba kidogo, na mahali ambapo msumeno ulipitiliza alama kwa unywele mmoja. Mikia yote ikiwa sawasawa, na nafasi kati yake zikiwa na upana ule ule wa mikia, basi huo ni mwandiko wa mashine, nayo samani hiyo haiwezi kuwa ya karne ya 18 hata kama muuzaji anaapa kwa jina la babu yake.

Ajabu ni kwamba mabingwa wa zamani walikuwa wakikificha kiungo hiki. Baada ya mwaka wa 1660 mtindo wa kufunika samani kwa tabaka jembamba la mbao za thamani, hasa za mjozi, ulienea sana Uingereza. Mwanzoni kiungo kilipenya mpaka uso wa mbele, na lile tabaka likabandikwa juu yake. Lakini ncha za ubao hazishiki gundi vizuri, na kadiri mbao zilivyonywea, tabaka lilianza kubanduka au kuonyesha mistari. Ndipo mafundi wakabuni namna ya kukata mikia isiyotokeza mbele: inaonekana ubavuni tu, pale mtoto wa meza anapovutwa. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakakata kiungo ambacho mikia yake yote imezikwa ndani ya pembe, na kwa nje huonekana mstari mmoja tu wa mshazari. Hiyo ni kazi ngumu kuliko zote, na mwenye kabati hatapata kuiona maisha yake yote, isipokuwa siku kabati litakapovunjika.

Mambo yalianza kugeuka mashine zilipoingia. Mwaka wa 1867, Mmarekani mmoja wa jimbo la Wisconsin, Charles Knapp, alipata hataza ya mashine ya kukata kiungo cha namna mpya kabisa. Badala ya mikia, mashine yake ilikata safu ya nusu duara, na katikati ya kila moja ikapita pini ndogo ya mviringo. Pembe ya mtoto wa meza ikawa kama safu ya miezi, kila mwezi na nyota yake. Kwa takribani miaka 30 kiungo hicho kilitumika katika viwanda vya Marekani, kisha kikatoweka kufikia mwaka wa 1900, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wameanza kutaka tena samani zinazofanana na kazi ya mkono. Leo ni nembo ya tarehe: ukikiona, unajua kwamba samani hiyo ni ya miongo ile ya mwisho ya karne ya 19.

Katika kipindi hicho hicho, Uingereza, vijana watatu waliosomea usanifu wa majengo waliuhama mji wa London. Walikuwa Ernest Gimson na ndugu wawili, Ernest na Sidney Barnsley. Mwaka wa 1893 walihamia vijiji vya Cotswold, wakiwa wameathiriwa na mawazo ya William Morris kuhusu heshima ya kazi ya mkono. Walilofanya na kiungo chetu ni jambo rahisi kulieleza, ingawa lilikuwa mapinduzi: walikiacha kionekane. Mikia ikaletwa mbele, ikapewa ukubwa, ikapangwa kwa mizani, mingine mipana na mingine myembamba, na ncha zake zenye rangi iliyokoza zikawa ndizo pambo la kabati. Hakuna nakshi iliyobandikwa, wala shaba, wala mchongo wa maua. Sidney Barnsley alizitengeneza samani zake mwenyewe kwa mikono yake, bila kuajiri fundi wa kumsaidia, na mtu akisimama mbele ya kabati lake anaweza kusoma, mkia baada ya mkia, jinsi lilivyoungwa. Mimi, ambaye sina subira sana na mapambo, naliona hilo kuwa miongoni mwa mambo ya busara zaidi kuwahi kufanywa katika sanaa ya samani.

Je, sisi? Msomaji wa pwani atasema kwamba samani zetu za kale zina sifa yake, naye atakuwa amesema kweli. Lakini tuangalie tofauti ya maumbo. Kiti cha enzi cha Lamu, kile cha mpingo chenye mgongo mrefu, vipande vya mfupa au pembe, na kamba zilizosukwa, ni fremu ya vijiti. Mlango wa nakshi, wenye miimo, kizingiti na mfaa, nao ni fremu. Fremu huungwa kwa ulimi na tundu lake, na kwa jambo hilo Kiswahili hakikukosa maneno, kwani mafundi wa Lamu, Siyu na Mombasa walikuwa wakiifanya kazi hiyo kila siku. Mkia hukatwa penye sanduku, mahali ambapo mbao pana mbili zinakutana pembeni. Nayo masanduku makubwa ya fahari, yale makasha yaliyopambwa kwa mabamba na vichwa vya misumari ya shaba, yenye watoto watatu chini, yalifika kwa wingi kwa majahazi kutoka Bombay na Surat. Tulipokea kasha likiwa limekamilika, shaba imefunika pembe. Tulilipa jina kasha lenyewe, na watoto wake tukawaita watoto. Pembe iliyofichwa hatukuwa na haja ya kuiita kitu.

Bara, mkondo ulikuwa mwingine. Mafundi wa Kipunjabi, wengi wao wa jamii ya Ramgarhia, walikuja katika ujenzi wa reli kati ya mwaka wa 1896 na 1901 na katika miaka iliyofuata. Walikuwa maseremala na wahunzi kwa urithi. Karakana zao, pamoja na zile za misheni, ndizo zilizowafunza Waafrika wengi kazi ya kabati na meza, na meza nyingi za mvule zilizomo katika shule na afisi zetu za zamani zimetoka katika mikono hiyo. Lugha ya karakana hizo ilikuwa Kiswahili, cha aina yake, lakini Kiswahili. Haiwezekani kwamba watu walifundishana kukata mikia kwa miaka mingi bila kuiita kitu. Neno randa lenyewe ni Kiajemi kilichopitia midomo hiyo ya Asia. Kuna maneno yaliyosemwa katika karakana hizo ambayo hayakuingia katika kamusi kwa sababu hakuna mtunga kamusi aliyekwenda kuketi juu ya rundo la maranda na kusikiliza.

Mwaka juzi nilikwenda katika shule moja kongwe ya bweni kuwatazama walimu wanafunzi wakifundisha. Katika chumba cha walimu palikuwa na kabati la mvule lenye watoto sita. Wanne walikuwa wazima. Wawili pembe zao zilikuwa zimelegea, na mtu fulani alikuwa amezipigilia misumari ya inchi tatu, ikaipasua mikia kuanzia ncha hadi shina. Nyuma ya jikoni nilikuta kabati la pili, pacha wa lile la kwanza, limekwisha kuvunjwa na kupangwa juu ya kuni. Nilipomwuliza mwalimu mwenyeji wangu, alinijibu kwa heshima, “Daktari, hizo ni mbao kuukuu tu. Fundi alisema zimekwisha.”

Hazikuwa zimekwisha. Gundi ndiyo iliyokuwa imekwisha. Kiungo cha namna hiyo kikilegea, hutenganishwa taratibu kwa kugongwa na nyundo ya mti, gundi ya kale hulainishwa kwa maji ya moto na kukwanguliwa, mikia ikakaushwa, ikapakwa gundi mpya na kubanwa usiku mmoja. Asubuhi mtoto wa meza yuko tayari kwa miaka mingine 50. Kazi hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Lakini ili mwalimu amzuie fundi mwenye misumari mkononi, lazima kwanza aweze kumwambia ni nini asichokitaka kipigiliwe, na kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Yule mwalimu hakuwa na neno. Fundi naye, yumkini, hakuwa nalo. Jambo lisilo na jina ni rahisi kulipiga msumari.

Basi nitatoa pendekezo langu, nikijua kwamba wenzangu wa istilahi watalipinga. Tusiseme mkia wa njiwa. Hiyo ni tafsiri ya Kiingereza, na mkia wa njiwa wetu, anapotembea uani, hauonyeshi umbo hilo mpaka aruke. Tuseme mkia wa mbayuwayu. Ndege huyo tunamjua. Huja na mvua na kujenga chini ya mapaa ya madarasa yetu. Kile kinachokatwa katika ubao wa kando tukiite mkia. Kile cha ubao wa mbele kinachoingia kati ya mikia tukiite jino. Na nafasi inayoachwa kati ya jino na jino ili mkia ukae, Kiswahili kimekwisha kutupa neno lake zamani: pengo. Kwa maneno hayo matatu mwalimu anaweza kulieleza somo zima, na mtoto wa darasa la sita akaelewa.

Hata hivyo pendekezo la mhadhiri lina thamani ndogo kuliko neno moja la fundi. “Mtoto wa meza” halikutungwa na kamati yoyote, na bado linashindana na “droo” bila kuchoka. Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiswahili wawatume wanafunzi wao wakati wa likizo, wawili wawili, waende katika karakana zilizo karibu nao na mtoto wa meza mkononi. Wasimtajie fundi neno lolote. Wamwonyeshe pembe tu na kumwuliza: hiki mnakiitaje? Waandike jibu kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la mji na umri wa msemaji, na pia amejifunzia kazi kwa nani. Ningependa hasa kupata majibu kutoka Siyu na Lamu, kutoka mtaa wa mafundi wa Mombasa, na kutoka Kisumu na Nakuru ambako karakana za zamani za Wahindi zilikuwa nyingi. Barua zenu zitanifikia kupitia kwa mhariri wa gazeti hili.